Mavuno ya Aliyekimbia Ni ya Nani?

Andiko la msingi: 2 Wafalme 8:1-6
Masomo ya kuongeza: Kumbukumbu la Torati 22:1-3, Walawi 6:1-7, Mathayo 5:23-24, Luka 19:1-10



Baada ya kipindi chetu juu ya fungu la kumi, ndugu mmoja alitungojea nje ya redio. Jina lake hatutalitaja. Ni mkristo aliyeokoka, mtu wa maombi, na ana depo ndogo ya kununua kakao. Alisema hivi:

"Mchungaji, mimi natoa fungu la kumi kila mwezi, sijakosa. Lakini kuna kakao ninayonunua usiku. Wanaoileta hawana mashamba, nawajua. Mashamba ni ya watu waliokimbia vita. Nisiponunua mimi, mwenye depo ya jirani atanunua. Sasa fungu la kumi la faida hiyo, Mungu analipokea?"

Wapendwa, swali hilo si la mtu mmoja. Linamhusu anayenunua, anayechuma, anayebeba kwa moto, anayekula faida nyumbani, na hata sisi wachungaji tunaopokea matoleo siku ya Mungu. Leo tulitafutie jibu katika Neno.

1. MAMA WA SHUNEMU ALIKUWA MKIMBIZI

Wengi tunamjua mama wa Shunemu kwa ajili ya mtoto wake aliyefufuliwa na kwa ajili ya chumba alichomjengea nabii Elisha (2 Wafalme 4). Lakini wengi hatuendelei mpaka sura ya 8. Huko tunamkuta mama yuleyule akiwa mkimbizi.

Elisha alimwonya kwamba njaa ya miaka saba inakuja, aondoke pamoja na watu wa nyumba yake, akae po pote atakapoweza kukaa. Mama alitii. Alikwenda kuishi ugenini, katika nchi ya Wafilisti, miaka saba mizima. Aliporudi akakuta nyumba na shamba viko mikononi mwa wengine. Biblia haituambii ni nani aliyevichukua. Pengine ni jirani, pengine ni ndugu wa ukoo, pengine ni watu wa serikali. Inatuambia tu kwamba mama alikwenda kumlilia mfalme.

Mungu akapanga saa yake. Wakati mama anaingia, Gehazi alikuwa akimsimulia mfalme habari za mtoto aliyefufuliwa. Mfalme akamwuliza mama, mama akaeleza. Mfalme akamtoa mtumishi wake mmoja na kumpa kazi mbili. Ya kwanza, mama arudishiwe kila kilichokuwa chake. Ya pili, arudishiwe mavuno yote ya shamba tangu siku alipoiacha nchi mpaka siku aliyorudi.

Tusome mstari wa 6 polepole. Kurudisha shamba peke yake hakukutosha. Mavuno ya miaka saba, ambayo mama hakuyalima wala hakuyachuma, yalihesabiwa kuwa yake. Mfalme hakumwuliza, "Kwa nini uliacha shamba?" Hakumwambia, "Ulipokimbia, haki yako ilikimbia pamoja nawe." Mama alikuwa mbali, lakini shamba lilibaki na mwenyewe.

Basi mtu anayesema kwamba shamba la aliyekimbia ni shamba lisilo na mwenyewe, hakulipata neno hilo katika Biblia.

2. KAKAO YETU NA MACHOZI YETU

Tunajua sote jinsi kakao ilivyokuja kuwa tegemeo la nyumba nyingi katika teritware ya Beni. Zamani wazee wetu walitegemea kahawa. Ugonjwa wa kunyauka ulipoishambulia kahawa katika miaka ya 1990, wengi walipoteza mashamba yao, na baadaye wakapanda kakao. Mkakao unataka uvumilivu. Unaupanda, unaupalilia, unangoja miaka mitatu, minne au mitano kabla ya kuona matunda mazuri. Lakini ukishaanza kuzaa, unaweza kukulisha miaka mingi. Ndiyo maana mtu akipanda kakao, anakuwa amepanda pesa za shule za watoto, mahari ya kijana, na chakula cha uzee wake.

Halafu vita vikaingia mashambani. Tangu mauaji makubwa yaanze kuzunguka Beni, mwezi wa 10 mwaka 2014, watu wengi wameuawa wakiwa na panga mkononi, katikati ya miti yao. Wengine wamekimbia kutoka upande wa Eringeti, Mbau, Watalinga na Ruwenzori, wakaja Oicha, Beni na Butembo. Wanaishi kwa ndugu, katika nyumba za kupanga, au chini ya shitingi. Miti yao imebaki huko, na miti haijui vita. Msimu ukifika inazaa.

Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dolari 10,000 kwa tani moja, jambo ambalo halikuwa limetokea, kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalipungua sana. Baadaye bei ilishuka, lakini tamaa iliyoamka haikulala. Shamba la mkimbizi likageuka kuwa sanduku lisilo na kufuli.

Na mnunuzi, tuseme ukweli, mara nyingi anajua. Kakao nzuri inataka kazi. Mwenye shamba akishapasua matunda, anazivundika mbegu karibu juma zima, mara nyingi chini ya majani ya ndizi, kisha anazianika juani siku nyingi. Mwizi hana nafasi ya kufanya hayo yote. Anauza mbichi, anauza usiku, anauza chini ya bei, na ukimwuliza shamba liko wapi anaangalia pembeni. Mnunuzi anaona dalili zote hizo, kisha anajiambia, "Mimi sikuiba, mimi nilinunua." Sheria ya serikali yetu yenyewe inamwadhibu anayepokea kitu cha wizi akijua. Je, sheria ya Mungu iwe dhaifu kuliko ya serikali?

3. NG'OMBE WA NDUGU YAKO

Kumbukumbu la Torati 22:1-3 inazungumza juu ya ng'ombe au kondoo wa ndugu yako aliyepotea njiani. Musa anakataza kumpita kana kwamba hukumwona. Unapaswa kumrudisha. Na kama mwenyewe yuko mbali, au humjui, unamchukua mpaka kwako, unamtunza, mpaka siku mwenyewe atakapokuja kumtafuta. Ndipo unampa. Musa anaongeza kwamba ni vivyo hivyo kwa vazi na kwa kitu cho chote ambacho ndugu yako amepoteza.

Hapo Mungu anajibu maneno mawili tunayoyasema kila siku. Tunasema, "Mwenyewe yuko mbali." Mungu anasema: mtunzie. Tunasema, "Simjui mwenyewe." Mungu anasema: mtunzie mpaka ajulikane.

Kwa hiyo kuchuma kakao katika shamba la jirani aliyekimbia si dhambi kila mara. Inawezekana ikawa tendo la upendo, maana miti isipopaliliwa inaharibika, na matunda yakiozea juu ya mti yanaleta ugonjwa. Anayemchumia ndugu yake, akaandika kilo, akamfikishia pesa, na akabaki na sehemu ya jasho lake jinsi walivyopatana, huyo ni mtunzaji. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 9:7 kwamba mpanda mizabibu anatazamia kula matunda yake, na Yesu anasema mtenda kazi anastahili ujira wake (Luka 10:7). Jasho la mtunzaji lina malipo. Tofauti yake na mwizi ni ndogo lakini ni ya milele: mwenye shamba anajua, au atajulishwa.

Hatusemi mtu yeyote ahatarishe maisha yake kwenda mahali pasipo na usalama. Kilo kumi za kakao hazilingani na uhai. Tunasema tu: anayekwenda, aende kwa mikono safi.

4. VISINGIZIO VITATU

"Nisiponunua, mwingine atanunua." Ni kweli, mwingine anaweza kununua. Lakini siku ya hukumu kila mtu atatoa habari zake mwenyewe mbele za Mungu (Warumi 14:12). Jirani yako wa depo hatasimama mahali pako. Tena, mwizi anaiba kwa sababu ana pa kuuza. Wanunuzi wakristo wa mji mmoja wakipatana kukataa kakao ya usiku, mwizi atapata shida. Hatuwezi kuvimaliza vita kwa mikono yetu, lakini mlango wa depo yako una ufunguo, na ufunguo huo uko mfukoni mwako.

"Mwenye shamba pengine alikwisha kufa." Pengine. Lakini aliyekufa ana mjane, ana yatima, ana ndugu. Hesabu 5:6-8 inafundisha kwamba mtu aliyemdhulumu mwenzake anapaswa kurudisha na kuongeza. Na kama mwenyewe hayuko tena, arudishe kwa jamaa yake wa karibu. Hata kama jamaa hakupatikana, Neno halisemi mali ibaki kwa aliyeichukua. Inakuwa ya Bwana. Kifo cha mwenye shamba hakikufanyi wewe mrithi. Ahabu alipotelemka kulitwaa shamba la Nabothi, alifikiri mambo yamekwisha kwa kuwa Nabothi amekufa. Lakini Bwana alimtuma Eliya akutane naye ndani ya shamba lilelile (1 Wafalme 21).

"Nina njaa, watoto wangu wanalia." Hapa tunyenyekee, maana njaa si mchezo. Mithali 6:30-31 inakubali kwamba watu hawamdharau mtu aliyeiba kwa njaa, lakini inasema pia kwamba akipatikana atalipa. Mungu aliweka njia nyingine: masazo ya shamba yaachiwe maskini na mgeni (Walawi 19:9-10). Ruthu alikuwa mgeni mwenye njaa, akaomba ruhusa kwanza, akaokota mchana, watu wote wakimwona. Na kama dada yetu mkimbizi anafikia kuiba mikungu ya ndizi ili watoto wale, huku sisi jirani zake tunaimba pambio kwa sauti kubwa, basi swali la Mungu halimhusu yeye peke yake.

5. MIZANI INAINGIA KANISANI PAMOJA NASI

Turudi kwa swali la ndugu yetu. Je, Mungu analipokea fungu la kumi la faida hiyo?

Yesu anajibu katika Mathayo 5:23-24. Mtu ameleta sadaka yake mpaka madhabahuni, hapo akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Yesu anamwambia aiache sadaka palepale, aende kwanza kupatana na ndugu yake, kisha arudi kutoa. Sadaka inaweza kungoja. Ndugu aliyedhulumiwa asingoje.

Walawi 6:1-7 inafuata njia hiyohiyo. Mtu aliyemnyang'anya mwenzake, au aliyekana kitu alichowekewa, anarudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Baada ya hapo ndipo analeta sadaka ya hatia kwa kuhani. Tuweke kwa hesabu yetu: aliyechukua dolari 100 za jirani anarudisha 120, kisha anakuja kanisani. Ukibadilisha utaratibu huo, ukaleta 10 kanisani na kubaki na 90, umemfanya Mungu kuwa mshirika wa wizi. Hakubali.

Neno hili linawagusa pia wanaonunua mchana na kwa halali, lakini mizani yao imeharibiwa kwa makusudi. Linamgusa muuzaji anayelowesha kakao au kutia mawe ndani ya mfuko ili kilo ziongezeke. Linamgusa mama wa soko ambaye kopo lake la unga limebonyezwa chini. Kumbukumbu la Torati 25:13-16 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko mmoja, kubwa na dogo. Amosi 8:4-6 inawaonyesha watu waliotulia kwenye ibada ya sabato huku mioyo yao inahesabu saa, waende wakapunguze kipimo. Walikuwa ibadani na sokoni kwa wakati mmoja. Mungu aliona vyote viwili.

Na sisi wachungaji? Katika Mathayo 27:6 makuhani walikataa kutia hazinani vile vipande thelathini vya fedha, wakijua ni bei ya damu. Lakini ni wao wenyewe waliovitoa kwa Yuda. Walilinda sanduku, hawakulinda mioyo yao. Tujihadhari tusiwe hivyo. Mtu akileta toleo kubwa kuliko kazi yake tunayoijua, tusikimbilie kumwita mbele na kumpigia makofi. Tukae naye pembeni, tumwulize kwa upendo. Mchungaji asiyeuliza lo lote siku ya matoleo hatakuwa na nguvu ya kusema siku ya maovu.

Tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 2023, bomu lilipigwa Kasindi katikati ya ibada ya ndugu zetu Wapentekoste, na zaidi ya watu kumi wakafa. Tunajua maana ya adui anayeshambulia ibada kutoka nje. Kwa hiyo tusikubali ibada ileile iharibiwe kutoka ndani, kwa mikono yetu wenyewe.

6. TUFANYE NINI SASA?

Wewe mnunuzi: weka daftari. Andika tarehe, jina la muuzaji, kijiji cha shamba, kilo na bei. Asiyetaka jina lake liandikwe, usinunue kwake. Funga depo jioni.

Wewe mtunza shamba la mwingine: patana na mwenyewe mbele ya mashahidi wawili, mzee wa kanisa au mkubwa wa kijiji akiwapo. Semeni wazi sehemu ya kila mmoja. Kama hajapatikana, tunza hesabu mpaka apatikane.

Wewe mkimbizi: usione haya kusema shamba lako liko wapi na limepakana na nani. Mama wa Shunemu hakunyamaza, alikwenda mpaka kwa mfalme. Waambie wazee wa kanisa, waandikie watoto wako mipaka, ili kumbukumbu isipotee.

Wewe mwenye silaha au mwenye cheo unayewatoza watu njiani kuelekea mashambani: askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, akawakataza kunyang'anya kwa nguvu na kushitaki kwa uongo, akawaambia waridhike na mshahara wao (Luka 3:14).

Ninyi vijana: mkimkamata mwizi wa kakao, msimpige wala msimchome. Mpelekeni kwa wenye mamlaka. Waefeso 4:28 inamtaka mwizi aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumpa mhitaji. Mtu aliyechomwa hawezi kutubu. Na msimtaje mtu kwa jina bila ushahidi, maana katika nchi yetu neno moja la uongo linaweza kuua.

Nanyi makanisa: kila tawi liwe na watu wawili au watatu waaminifu wa kusikiliza mambo haya kwa siri, na sanduku la wakimbizi lisilochanganywa na pesa za ujenzi.

7. MWISHO WA HABARI YA NDUGU YETU

Tulipomaliza kusoma 2 Wafalme 8 pamoja na yule ndugu, alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Nianzie wapi? Wengine siwajui." Tulimwambia aanze na mmoja anayemjua. Akafikiri, akasema kwamba kuna mama mmoja. Wanaomleta kakao walimtajia shamba lake kwa jina. Mama huyo anasali kanisa moja naye, anakaa safu za nyuma.

Alituomba tumsindikize. Tulikwenda jioni moja. Alipiga magoti, akaeleza, akaweka pesa juu ya meza pamoja na sehemu ya tano. Mama hakuzihesabu. Aliuliza jambo moja tu: "Miti yangu ingali hai?"

Wapendwa, hilo ndilo swali wanalolala nalo ndugu zetu wengi hapa Beni na Butembo. Zakayo aliposimama na kusema atarudisha mara nne, Yesu alisema wokovu umefika katika nyumba ile siku ileile (Luka 19:8-9). Pengine wokovu unangoja pia mlangoni pa depo yako.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Ndani ya nyumba yangu, kuna kitu gani ambacho mwenyewe ni mkimbizi?
2. Nani ananitunzia kitu, na nimemshukuru?
3. Kipimo changu cha kununulia na cha kuuzia ni kimoja?
4. Ni mtu gani ninayepaswa kwenda kumwona kabla ya kutoa sadaka yangu inayokuja?

TUOMBE

Baba, unaona mashamba ambayo sisi hatuwezi tena kufika. Unamjua kila mwenye shamba kwa jina, aliye hai na aliyelala. Tusamehe pale tulipokula jasho la ndugu zetu. Utupe ujasiri wa kurudisha. Uwalinde waliokimbia, uwalishe watoto wao, ulete amani Beni, Butembo, Lubero na Ituri, ili kila mtu arudi avune alichopanda. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani yako. Kama yeye ni mkimbizi, msomee sura ya 8 kwa sauti.